Yadi 20 mishale inagusana, yadi 40 imepotea: dalili, sababu na tiba kabla ya msimu wa kulungu

Kila Agosti, wiki chache kabla ya msimu wa upinde kufunguliwa katika majimbo mengi ya Marekani, simu yangu hujaa picha za namna moja. Shabaha ya sponji, mishale mitano, minne imekaa pamoja na mmoja umekimbilia ukingoni. Chini yake swali: "Kaka, upinde umeharibika?" Mara nyingi haujaharibika. Nami humrudishia mwenye picha maswali mawili: ulisimama umbali gani, na ukisogea mbele yadi kumi kosa linapungua kiasi gani? Asiyejua jibu namrudisha uwanjani akapige tena, maana hapo hata fundi hawezi kumsaidia.

Naandika kwa Waswahili wenzangu wa huku wanaojiandaa kuwinda kulungu kwa upinde wa roda, ule wa magurudumu mawili ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Uliye Kenya, uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo mazoezi yako yaishie kwenye shabaha. Tanzania ni suala la kibali, na kibali hakikisiwi. Hata huku si kila mtaa unaruhusu kupiga mishale uani. Uliza manispaa kabla jirani hajaita polisi.

Majina kwanza, tusije tukapishana. Upote ni kamba ya upinde. Wano ni ule uti wa mshale. Chembe ni kichwa chake cha chuma. Podo ni mahali inapokaa mishale. Hayo babu zetu walikwishatuwekea. Vifaa vya kisasa nitaviita hivi: kilengeo (chombo chenye pini za rangi), kilalio (mahali mshale unapolala kabla ya kuondoka), tundu la kuchungulia (kile kiduara kilichofungwa kwenye upote) na kifyatuzi (kinachovaliwa mkononi kuachia upote). Nachukulia unavuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto geuza pande. Na umbali wote ni wa yadi. Sababu ya kusisitiza yadi utaiona kwenye dalili ya tatu.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote

Andika namba kwenye kila mshale kwa kalamu ya wino mzito. Ukiwa hujachoka, piga mitatu kutoka yadi 10, mitatu 20, mitatu 30, mitatu 40. Chora kila kundi kwenye karatasi na namba zake. Rudia kesho yake. Wengi huruka hatua hii, wanakimbilia kuzungusha kilengeo, na jioni wanakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kosa ni la nani, kwa sababu kila kosa lina namna yake ya kukua. Kilengeo kikiwa kimehama kidogo, kosa hukua sawasawa na umbali: sentimita 3 kushoto kwa yadi 20 zinakuwa 6 kwa yadi 40. Makosa yanayotokana na kuanguka kwa mshale hukua haraka zaidi. Mshale unaokwenda futi 275 kwa sekunde huwa umeanguka kama sentimita 23 ufikapo yadi 20, na kama sentimita 93 ufikapo yadi 40. Umbali umekuwa mara mbili, anguko mara nne. Kwa hiyo ukiona kosa la sentimita 2 limegeuka 8, usihangaike na skrubu za kilengeo. Tatizo liko kwingine, na tutalifikia.

Badilisha kitu kimoja tu, kisha piga tena mitatu.

Dalili ya 1: Yadi 20 kundi zuri, yadi 40 mishale kila upande

Kwanza tukubaliane kama kuna ugonjwa. Kundi la upana wa sentimita 8 kwa yadi 20 likiwa la sentimita 16 au 18 kwa yadi 40, ni mzima huyo. Mgonjwa ni yule ambaye 8 imekuwa 35.

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni upinde mzito kuliko misuli. Watu wananunua wa ratili 70 (ratili ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wa kuubeba) kwa sababu jamaa wa kazini anao. Kipimo chake ni rahisi: kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza mshale kwenye shabaha, kisha vuta. Ukilazimika kuinua upinde mbinguni ndipo uvutike, au mwili unapinda kama unang'oa muhogo, punguza. Bolti za mikono ya upinde (vile vibapa viwili, juu na chini, vinavyopinda ukivuta) hulegezwa kwa kiasi kilekile juu na chini, robo mzunguko kwa zamu, bila kuzidi mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Usione aibu. Pennsylvania, kwa mfano, inamruhusu mwenye upinde wa ratili 35 kuwinda kulungu. Ratili 50 zinazovutwa kimya zinafaa kuliko 70 zinazokutetemesha.

Ya pili ni kituo cha shavuni kinachohama. Mkono wa kuvuta lazima utue mahali pamoja usoni kila mara, na ncha ya pua iguse upote palepale. Simama yadi 5 mbele ya shabaha kubwa, mshale ukiwa mahali pake na kidole mbali na kifyatuzi, fumba macho, vuta, tulia, fumbua. Ukifumbua na kukuta tundu la kuchungulia haliko mbele ya jicho, basi kila siku unalitafuta kwa kuhamisha kichwa. Urefu wa mvuto, yaani umbali upote unaovutika kabla ya kufika mwisho, haukukai au tundu limefungwa mahali pabaya. Kulihamisha tundu ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kubana upinde.

Ya tatu, mkono wa kushoto unaoukaba mpini. Mpini unakaa kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vimelegea. Kinachokufanya uukabe ni woga wa upinde kuanguka. Funga mkanda wa kiganjani uachane na woga huo.

Yote hayo yakiwa sawa, shuku manyoya yanayokwangua kilalio. Nyunyizia manyoya na kilalio poda ya mtoto, piga mshale mmoja, kisha tazama. Palipofutika poda ndipo panapogusa. Mara nyingi kuzungusha kijino cha nyuma, kile kiplastiki kinachouma upote, kidogo tu kunatosha kuyapitisha manyoya.

Mwisho kabisa ni roda mbili zisizokwenda pamoja. Vuta mshale ukiwa umeelekea shabaha, mwenzako akurekodi kwa simu kutoka kando. Roda moja ikifika mwisho kabla ya nyingine, usiguse chochote. Ni fundi tu.

Dalili ya 2: Mishale yote inakwenda kushoto, na inazidi ukirudi nyuma

Hapa karatasi yako inalipa.

Ikiwa kosa linakua sawasawa (10 kidogo, 20 mara mbili yake, 40 mara nne yake), sogeza kilengeo. Kanuni ni kilengeo kimfuate mshale: mishale ikienda kushoto, kilengeo kiende kushoto. Wanaoanza wote hukisogeza kinyume, nami nilikisogeza kinyume kwa wiki nzima.

Ikiwa yadi 20 inapiga katikati kabisa, yadi 10 inakwenda kulia kidogo na yadi 40 inakwenda kushoto, basi njia ya mshale na njia ya jicho zinakatana kwa yadi 20 kisha zinaachana. Kilengeo hakiwezi kuliponya hilo, maana ukikirekebisha kwa 40 utaiharibu 20. Kinachosogezwa ni kilalio, chini ya milimita moja kwa mara moja, kisha unapanga kilengeo upya kwa yadi 20 na kurudi nyuma hatua kwa hatua kuangalia kama mstari wa matundu ya mishale kwenye shabaha umenyooka wima.

Ikiwa kosa ni dogo sana kwa 20 na kubwa ghafla kwa 40, unauinamisha upinde kando. Nyuzi 5 tu za kuinama kushoto hutoa kama sentimita 2 kwa yadi 20 na kama 8 kwa yadi 40, maana linafuata lile anguko. Kilengeo kizuri kina pimamaji kama la fundi mwashi. Litazame kabla ya kufyatua. Ukishalisawazisha pimamaji na bado unakosa, hakikisha pimamaji lenyewe limefungwa sawa: ning'iniza timazi ukutani, linganisha upote nalo, tazama povu liko wapi.

Upepo nao hufanya hivyohivyo, lakini upepo hauji kila siku kutoka upande mmoja. Ndiyo maana nilisema rudia kesho yake.

Sababu nyingine mbili ni za usoni na za mkono. Kusukumiza shavu kwenye upote huupeleka mshale pembeni, na huzidi wakati wa baridi kwa sababu ya kofia na kitambaa cha uso. Kuusokota mpini kunafanya hivyo pia. Ukilegeza vidole na kosa likipungua nusu, umempata mwizi.

Dalili ya 3: Yadi 20 na 30 sawa, yadi 40 daima chini (au juu)

Sababu ya kwanza kwa watu wetu ni mita. Tumekua na mita, tape za fundi tulizoleta kutoka nyumbani ni za mita, na programu za simu zetu ziko kwenye mita. Mita 40 ni karibu yadi 44. Mshale uliopangiwa yadi 40 ukipigwa kutoka mita 40 unatua karibu sentimita 10 chini.

Mimi ilinipata kinyume. Nilipanga pini zangu zote kwa tape ya mita, kila kitu kikakaa vizuri, nikajiona fundi. Wiki moja kabla ya msimu nikaazimwa kipima umbali kinachosoma yadi. Yadi 20 kosa nililiona dogo nikalidharau, 30 nikasema ni upepo, 40 mishale ikapita juu ya kundi langu la zamani kwa karibu upana wa kiganja. Nikalegeza kilengeo, nikakaza, nikalegeza tena, nikachezea hata kilalio ambacho hakikuwa na kosa. Siku nne. Aliyegundua ni mwanangu wa darasa la tano, aliyeuliza mbona hesabu ya baba haina herufi mbele ya namba.

Kama si mita, hatua zinazofuata ni hizi. Muulize mwenzako akutazame mkono wa upinde: wengi huushusha mara tu wanapofyatua ili wauone mshale ukiruka, na kwa yadi 40 hamu hiyo huwa kubwa zaidi. Ubaki juu mpaka usikie mshale umegonga. Kisha tazama kama umebadilisha mishale au chembe kwa mizito zaidi bila kupanga pini upya. Mshale mzito huanguka zaidi, na tofauti hujionyesha mbali. Wenye kilengeo cha pini moja inayoshuka watazame kama chombo kimeshuka mpaka manyoya yanakigusa. Hilo huonekana kwa mikwaruzo, na huanza ghafla kwenye umbali fulani, kama 50 au 60, wakati umbali wote wa chini yake uko safi.

Umbali wote ukishuka pamoja, hata 10, upote umenyooka, yaani umerefuka kuliko ulivyokuwa. Upote mpya hunyooka baada ya mishale mamia kadhaa. Upote wa zamani ulioachwa ndani ya gari juani hunyooka pia, na gari lenye joto laweza kuiharibu hata mikono ya upinde. Upinde usiuache ndani ya gari, ndugu yangu.

Dalili ya 4: Mshale mmoja mtoro

Ndiyo sababu ya zile namba. Kama mtoro ni namba 4 leo, namba 4 kesho, na namba 4 akipigwa wa kwanza, kosa si lako.

Kaza chembe yake. Chembe za skrubu hulegea kila unapochomoa mshale kwenye sponji. Tazama unyoya uliobanduka ukingoni. Tazama kijino cha nyuma kama kina ufa, kisha kizungushe robo mzunguko upige tena. Mara nyingine mtoro hurudi nyumbani kwa hilo tu. Mwisho tazama namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye wano. Namba ndogo ndiyo ngumu: 300 ni gumu kuliko 400. Ukichanganya 340 na 400 kwenye podo moja, kwa yadi 20 hutagundua, kwa yadi 40 utadhani umerogwa.

Wano la kaboni lililogonga jiwe, chuma au mshale mwingine lishike ncha zote mbili, lipinde taratibu huku ukilizungusha, na usikilize. Likilia hata kidogo, livunje ulitupe. Wano lenye ufa likipasuka wakati wa kufyatua, vipande huingia kwenye mkono wa kushoto. Hapa hakuna gundi wala majaribio.

Dalili ya 5: Chembe za mazoezi sawa, chembe za kuwindia zinakwenda kwingine

Hii huja Septemba, mtu anapofungua pakiti ya chembe pana kwa mara ya kwanza. Chembe pana ina mabapa mbele, na mabapa hayo ni mabawa. Mshale ukiondoka umepinda kidogo, manyoya ya nyuma huuficha upungufu huo kwa chembe nyembamba. Chembe pana inaukuza.

Kwanza zungusha mshale kwenye kiganja, au kwenye meza huku ncha ikining'inia. Chembe ikiyumba, haijakaa sawa. Ibadilishe na nyingine kabla ya kulaumu upinde.

Zikiwa zimekaa sawa, piga mmoja wa mazoezi na mmoja wa kuwindia kwenye shabaha iliyotengenezewa chembe pana, kwa 20 kisha 30 kisha 40. Usizipige mahali pamoja, utakata manyoya yako mwenyewe. Chembe pana ikitua kushoto ya ile ya mazoezi, sogeza kilalio kulia kidogo sana. Ikitua chini, kiinue. Unalipeleka kundi la chembe pana kwenye kundi la mazoezi. Makundi yakishakutana ndipo unagusa kilengeo. Anayegusa kilengeo kwanza ataua shabaha ya 20 na kukosa kulungu wa 30.

Makundi yasipokutana baada ya kusogeza milimita mbili jumla, acha. Wano lako halilingani na upinde au roda zimeegemea upande. Mpelekee fundi.

Na chembe hizo zinakata kama wembe. Zifunguliwe na kukazwa kwa kile kifaa chake cha plastiki, si kwa vidole. Aliyekwisha kushonwa kidole haambiwi mara mbili.

Dalili ya 6: Pini inaganda chini ya shabaha, au mshale unaondoka hujaamua

Hiki ni kiwewe cha shabaha, na wengi hawakitaji kwa sababu kinafanana na woga. Ishara zake: pini inakwama sentimita chache chini ya alama na mkono unakataa kuipandisha, au pini ikigusa tu alama, kidole kinapiga kifyatuzi kama mtu aliyeungua. Kikianza hukua, na hakijali upinde wa bei gani.

Kilinishika mwaka wangu wa pili. Nilikuwa napiga mishale sabini kwa siku, yote yadi 40, yote kwa kushindana na mwenzangu. Sikukosa sana, ila nilikuwa nafyatua pini ikipita, si pale ninapotaka. Siku niliyompata kulungu wa sponji kwa yadi 15 nikashindwa kuipandisha pini kutoka miguuni mwake, nilijua.

Tiba inaanza karibu, na inachosha. Simama yadi 3 kutoka kwenye shabaha kubwa isiyo na alama yoyote. Vuta, hakikisha mshale umeelekea katikati, fumba macho, kaza mgongo polepole mpaka upote uondoke wenyewe. Mishale ishirini kwa siku, wiki mbili, bila kulenga kitu. Kisha zoezi la kutokupiga: yadi 20, vuta, weka pini katikati, hesabu mpaka tano huku kidole kiko nyuma ya kifyatuzi, kisha rudisha upinde taratibu bila kuachia. Mara tano za kurudisha kwa mshale mmoja wa kupiga. Mwili unajifunza kuwa pini kukaa katikati si amri ya kufyatua. Wengine hupona haraka kwa kubadilisha kifyatuzi, kutoka cha kidole kwenda kile kinachoachia kwa mvuto wa mgongo, lakini kizoee kwanza kwa yadi 3, maana huachia usipotarajia na ngumi inaweza kukurudia mdomoni.

Rudi 30 na 40 pale tu ambapo 20 imekuwa ya kuchosha.

Dalili ya 7: Kutoka ulingoni mishale inapita juu

Namaanisha ulingo kama wa kulindia mpunga, isipokuwa huku unafungwa kwenye mti na anayeviziwa ni kulungu.

Wengi watakuambia ni pembe. Hebu tufanye hesabu. Umekaa mita 6 juu, kulungu yuko mita 18 kutoka shina la mti. Umbali wa jicho ni karibu mita 19, umbali wa mshale wa kuhesabu ni zile 18. Tofauti ni mita moja. Hiyo haimpitishi mshale juu ya mgongo wa mtu yeyote.

Kinachompitisha ni kiuno. Ukishusha mkono wa upinde peke yake kuelekea chini, umbo lote linavunjika: kituo cha shavuni kinahama, tundu linahama. Vuta ukiwa umenyooka kama uko uwanjani, ndipo uinamishe mwili kiunoni kama mtu anayesalimia wazee. Fanya mazoezi hayo kutoka kwenye baraza au kilima kabla ya kupanda mti. Vilima vikali ni habari nyingine. Huko pembe ina uzito, na kipima umbali kinachohesabu pembe kinafaa.

Mkanda wa usalama uvaliwe tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi. Upinde unavutwa juu kwa kamba baada ya wewe kujifunga, mishale ikiwa kwenye podo lililofunikwa. Ulingo wenye kamba au mnyororo uliokaa nje mwaka mzima usiupande, hata kama ni wa rafiki na anaapa ni mzima.

Dalili ya 8: Uwanjani shujaa, asubuhi ya baridi mambo mrama

Koti. Vaa nguo zote za kuwindia, pamoja na glavu na kofia, upige nazo nyumbani. Mkono wa koti ukiguswa na upote, mshale hauwezi kwenda unakotaka. Baridi inakaza misuli, na ratili ulizovuta Agosti zitakushinda Novemba ukiwa umekaa saa tatu bila kujongea. Hapo ndipo ratili 5 ulizokataa kupunguza zinakudai.

Halafu kuna mshale wa kwanza. Uwanjani tunajihesabia kundi la mshale wa ishirini, wakati msituni hupewi ila mmoja, tena bila kupasha mwili. Wiki za mwisho mimi hupiga mshale mmoja tu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kutoka umbali nisiouchagua: mke wangu hutaja namba kati ya 10 na 40 akiwa dirishani na chai yake. Lengo ni sahani ya karatasi ya sentimita 20, ukubwa wa kukadiria wa moyo na mapafu ya kulungu. Umbali ambao mshale huo wa kwanza unaingia sahani mara tisa kati ya kumi ndio mwisho wako wa kuwinda mwaka huu. Kama ni 25, ni 25.

Kupiga yadi 60 uwanjani kunasaidia, kwa sababu makosa madogo hujitangaza huko na 30 huonekana karibu. Kumpigia kulungu kutoka 60 ni jambo jingine. Mshale wa futi 275 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika huko, na sauti ya upote inautangulia mshale. Kulungu mwenye mkia mweupe akishtuka huchuchumaa kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na mapafu uliyoyalenga hayapo tena. Tena ukikosea umbali kwa yadi 5 tu, kwa 20 unapoteza kama sentimita 7, kwa 40 kama 13, kwa 60 kama 19.

Acha kupiga, funga upinde, nenda kwa fundi

Upinde ukifyatuliwa bila mshale, hata mara moja, hata na mtoto aliyekuwa anajaribu tu. Nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale imeingia kwenye mikono na roda. Pitisha pamba juu ya mikono ya upinde; ikinasa nyuzi, kuna ufa. Isiponasa, bado mpelekee fundi autazame kabla ya kuvuta tena.

Upote uliotoa nywele ambazo nta haizilazi, au wenye uzi uliokatika. Sauti mpya ya mlio au mgongano uliyoisikia leo na jana haikuwepo. Roda iliyopinda. Mishale myepesi chini ya greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa mshale) kwa kila ratili ya upinde, yaani chini ya greni 350 kwa upinde wa ratili 70. Hiyo inaupiga upinde karibu sawa na kufyatua mtupu.

Kamwe usitoe upote au nyaya za upinde wa roda bila mashine ya kubania. Video za watu wanaofanya hivyo kwa goti na kamba zipo, nazo zisikudanganye.

Bega likiuma ndani, si misuli iliyochoka bali maumivu ya kuchoma yanayokuamsha usiku au yanayozuia kuinua mkono juu ya kichwa, huyo si wa fundi, ni wa daktari. Pumzika upinde mpaka aseme. Msimu ukipita, mwakani upo.